Uliza Anko Maua: Ua la Nevada, mgodi wa lithiamu na kindi wenye kiu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, aya moja, habari ya ua linaloota sehemu moja duniani kote, huko jangwa la Nevada Marekani, ambalo limekaa katikati ya ugomvi wa watu wa mazingira na kampuni inayotaka kuchimba lithiamu, madini ya kutengenezea betri. Aisee meseji zilizoingia sikuzitegemea, mi nilijua mtauliza mbolea ya maparachichi kama kawaida yenu. Basi leo ukurasa wote ni wa ua hilo. Maswali nimeyafupisha, na waliotukana nimewaacha huko huko.

Anko, mimi nina kitalu hapa Kiboriloni, dezati rozi ndo zinaondoka sana siku hizi. Hilo ua lako ndo hilo hilo? Mbegu zake naweza kuagiza? – Mama Kitalu, Moshi

Hapana mama, hawana hata undugu wa karibu. Dezati rozi yako, ile ya shina lililovimba chini na maua ya pinki, ni ya kwetu, inaota kwenye mawe na vichaka vikavu kuanzia Afrika Magharibi, inakatiza mpaka Uarabuni na kushuka hadi huku, ukipita njia ya Same au ya Longido wakati wa kiangazi unaikuta imechanua haina hata jani moja. Utomvu wake una sumu, zamani watu walipaka kwenye mishale, kwa hiyo ukipogoa vaa glavu na usijipangusie jicho. Haijafika hatua ya kutoweka. Kinachoniudhi ni wale wanaoenda kuing'oa porini kubwa kubwa waje kuuza barabarani wakati mbegu zake zinaota bila shida.

Hilo la Nevada Wamarekani wanaliita bakwiti ya Tiehm, jina la kitaalamu Eriogonum tiehmii. Ukiliona siku ya kwanza hutashtuka, nakwambia ukweli. Ni kammea kafupi kanakolala chini, majani ya kijivu yenye ubuluu kwa mbali, yamebanana yakawa kirundo cha duara juu ya udongo mweupe mweupe, ukiwa na haraka unakakanyaga ukidhani ni nyasi imekauka. Ikifika mwezi wa tano hadi wa sita ndo kanatoa vijiti vyembamba vilivyosimama peke yake, havina majani, na juu ya kila kijiti kuna kifundo cha vimaua vidogo sana vya njano iliyopauka karibu na krimu, afu vikizeeka vinageuka vyekundu. Kwa hiyo kwenye kirundo kimoja unaweza kuona vifundo vya krimu na vingine vimeshaanza wekundu, vinapigwa na upepo vyote. Mbegu zinakomaa mwishoni mwa wa sita mpaka katikati ya wa saba.

Kuagiza sahau. Sheria ya Marekani inakataza kuung'oa kwenye ardhi ya serikali kuu na inakataza kuutoa nje ya nchi. Na hata ungeupata kwa njia za panya, mmea uliozoea baridi ya theluji na kiangazi kikavu, masika ya Moshi sidhani kama ingeuacha salama. Uza dezati rozi mama, soko unalo.

Anko shikamoo. Mwalimu wetu wa baiolojia amekataa kwamba mmea unaweza kuwepo ekari 10 tu duniani nzima, anasema lazima upo na kwingine ila hawajatafuta. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, fomu faivu, Moshi

Marahaba mwanangu. Mwalimu hajakosea kuuliza, hata watafiti wenyewe walijiuliza hivyo hivyo, wakazunguka maeneo ya jirani yenye udongo unaofanana wakatafuta, hawakuukuta. Upo Rhyolite Ridge tu, kwenye milima ya Silver Peak, kaunti ya Esmeralda, mita 1,800 hadi 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko Arusha mjini. Esmeralda yenyewe kaunti nzima haina hata watu 1,000. Ukijumlisha vipande vyote vinane unapoota unapata ekari 10 hivi, hekta 4, weka viwanja sita vya mpira hapo umemaliza habari.

Na umejulikana juzi juzi tu. Mtaalamu wa mimea Arnold Tiehm aliuokota mwaka 1983, na mwaka 1985 mwenzake James Reveal akauandika rasmi kama spishi mpya akaupa jina la aliyeuona.

Sasa kwa nini pale tu, hapo ndo utamu ulipo. Zamani sana, mamilioni ya miaka, pale palikuwa na ziwa, na volkano za jirani zikawa zinamwaga vitu vyake humo, ziwa likakauka ukabaki udongo wa mfinyanzi na chokaa uliojaa boroni na lithiamu. Sasa boroni mmea wowote unaihitaji ila kidogo mno, muulize mkulima yeyote wa kahawa huko Machame au Kibosho anayepulizia majani atakwambia ukikosea kipimo ukazidisha majani yanaungua kuanzia pembeni. Udongo wa Rhyolite Ridge ndo umezidisha hivyo wenyewe bila kupuliziwa na mtu. Mimea mingi ikifika pale inakwama au inashindwa kabisa, na huyu wetu yeye anamudu, kwa hiyo amejipatia sehemu ambayo wagombea nafasi ni wachache. Nje ya kipande hicho cha udongo haupo. Sisi tunaoishi chini ya Meru tusishangae sana, volkano yetu imetuwekea floraidi kwenye maji mpaka watoto wa vijiji vingine meno yana rangi ya kahawia, mita chache tu ukibadilisha chanzo cha maji habari inakuwa nyingine. Ardhi ya volkano ndo ilivyo, haigawi sawa.

Mwambie mwalimu pia kwamba mmea wa sehemu moja sio kitu cha ajabu kihivyo. Hapo juu yako mlimani kuna mmoja, nitaufikia.

Kaka mi nitasema tu ukweli, nyie watu wa maua mnatuchelewesha. Lithiamu ndo betri, betri ndo gari la umeme, gari la umeme halina moshi, sasa unazuia hayo yote kwa ajili ya kimmea hata ng'ombe hali? Hapa Arusha tayari kuna magari ya safari ya umeme, simba hata hakusikii ukifika. – Dereva wa watalii, Sakina

Swali lako ndo limeletwa na wengi kuliko yote, wewe umeliuliza kwa adabu zaidi. Na nakubali nusu yake. Hewa ya barabara ya Sokoine saa kumi na mbili jioni kila mtu anaijua, na kukaa na tembo bila injini kunguruma ni raha, sibishi.

Ila tuweke mambo sawa kwanza. Lithiamu na boroni zinazotafutwa na ile kampuni, inaitwa Ioneer, ya Australia, ndo udongo ule ule ambao mmea umekaa juu yake. Sio kwamba ua liko njiani ukajenge barabara upande wa pili, ua limefuata madini kama ambavyo mchimbaji amefuata madini. Kampuni inasema mgodi ukianza utatoa lithiamu ya kutosha magari kama 370,000 kwa mwaka, na serikali ya Marekani imeukubalia mkopo unaokaribia dola bilioni moja. Kwa hiyo hakuna anayecheza hapo.

Plani ya mwanzo ilikuwa inachukua sehemu kubwa ya mimea yote iliyopo. Shirika la mazingira linaloitwa Center for Biological Diversity likapeleka maombi mwaka 2019 mmea uwekwe kwenye sheria, wakasumbuana, wakapelekana mahakamani, mpaka Desemba 2022 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ikautangaza rasmi kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka, chini ya sheria yao ya mwaka 1973 inayolinda spishi za namna hiyo. Wakatenga na ekari 910 kama makazi muhimu. Najua utasema mmea una ekari 10 wamepewa 910, wizi mtupu. Hapana. Zile nyingine ni za wadudu. Mmea huu bila nyuki, nyigu, nzi na mende wa kuuchavusha unatoa mbegu chache sana, na hao wadudu hawaishi juu ya ua, wanahitaji maua mengine ya jirani na ardhi ya kutaga, ndo maana wakapima kama mita 500 kuzunguka kila kundi la mimea. Hii sehemu watu wengi wanairuka wakidhani kulinda ua ni kulizungushia seng'enge.

Baada ya hapo kampuni ikachora upya, shimo likasogezwa lisiguse mimea yenyewe, na Oktoba 2024 ofisi ya ardhi ya serikali kuu, BLM, ikatoa kibali. Lakini mgodi bado unakula karibu moja ya tano ya hayo makazi muhimu, na shimo linakuja kukaa karibu kabisa na baadhi ya mimea, vumbi lake je, wadudu wake je. Wanaharakati pamoja na kundi la Western Shoshone, wenyeji asilia wa kule, wakaenda mahakamani mwezi huo huo. Mwanzoni mwa 2025 kampuni ya Sibanye-Stillwater ya Afrika Kusini iliyokuwa iingie ubia ikajitoa, ikasema hesabu hazilipi kwa bei za lithiamu za wakati ule. Yaani unaona, kilichowachelewesha sio ua peke yake kaka, na soko nalo limo.

Na hiyo kaunti ya Esmeralda wanayotuambia ua linawanyima lithiamu, mji mdogo wa Silver Peak hapo hapo unatoa lithiamu tangu miaka ya 1960, wanavuta maji ya chumvi ardhini wanayaanika kwenye mabwawa. Lithiamu iko sehemu nyingi. Tanzania yenyewe watu wanaitafuta, haya. Ua liko hapo tu.

Msimamo wangu ukitaka: betri tunazihitaji, ila ukisema unachimba kwa ajili ya kuokoa mazingira afu hatua ya kwanza unamaliza spishi nzima, mi nakuuliza mazingira gani hayo unaokoa. Na sisi tulishapitia hapa hapa. Miaka ya 2007 na 2008 si mnakumbuka mpango wa kiwanda cha magadi Ziwa Natron, kampuni ya Tata Chemicals ya India pamoja na shirika letu la maendeleo, NDC, na flamingo wadogo wa Afrika Mashariki sehemu kubwa wanazaliana pale na sio kwingine. Maneno yalikuwa haya haya, kazi za vijana, na upande wa pili ndege. Tata wakajitoa 2008, wazo likarudi tena, afu macho yakageukia magadi ya Engaruka kule kule Monduli. Wewe mwenyewe leo unapeleka wageni Natron kuangalia nini, magadi?

Sasa si wauhamishe tu? Mimi nimestaafu kilimo, nimehamisha migomba, kahawa, mpaka mwarobaini mkubwa. – Mzee, Usa River

Shikamoo mzee wangu. Hilo kampuni nayo imelifikiria na imetoa hela za utafiti, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nevada kule Reno wakaotesha miche kwenye banda, ikaota vizuri tu. Tatizo likaja walipoipeleka nje. Miche waliyoipanda kwa majaribio mwaka 2020 ililiwa na wanyama wadogo. Banda lina maji na kivuli, wala hakuna panya, jangwani maji na kivuli hakuna na panya wapo, na kuota ni hatua moja, tunataka mmea uchanue, uchavushwe, udondoshe mbegu, na mbegu zenyewe ziote bila mtu kumwagilia, hapo ndo tutasema umehamia.

Wewe mwarobaini umeupeleka kwenye udongo ambao mwarobaini unaupenda, na udongo huo uko kila kona. Hawa wapeleke wapi? Udongo wenyewe ndo unachimbwa.

Na mfano tunao nyumbani, vyura wa Kihansi. Wale waliosemwa sana vijiweni, watu hawana umeme mnatuletea chura. Chura mwenyewe alikuwa anaishi kwenye hekta 2 hivi za rasharasha za maporomoko, hataki kingine, anazaa watoto hai hatagi mayai, kaonekana mara ya kwanza 1996, na mwaka 2000 mitambo ya umeme ikawa imeshachukua maji karibu yote ya lile poromoko. Wakachukuliwa karibu 500 wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, huku nyuma wakafungiwa mabomba ya kurusha maji ili kuiga rasharasha, haikusaidia sana maana na ugonjwa wa ukungu wa ngozi uliingia, mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Kuanzia 2012 ndo wakaanza kurudishwa. Sasa piga hesabu mzee, ndege kwenda na kurudi, wataalamu, matangi, miaka yote hiyo, na mpaka leo bado ni kazi ya kubembeleza. Wametoka hai, kweli, na mimi nawapigia saluti waliofanya hiyo kazi. Ila ukisikia mtu anasema "wahamishe tu", hiyo "tu" ina gharama zake.

Nimesikia mwaka 2020 maelfu ya hiyo mimea iling'olewa usiku, ni kampuni ilituma watu? – Fundi simu, Unga Limited

Ilidhaniwa hivyo, na ukiangalia muda ulivyokaa, katikati ya ugomvi, hata mimi ningedhani. Septemba 2020 walikuta mimea zaidi ya 17,000 imefukuliwa au imeharibiwa, wakati hesabu ya mwaka mmoja nyuma ilikuwa karibu 44,000 yote. Upande mmoja ukasema huu ni mkono wa mtu, kampuni ikakataa. Serikali ikapeleka sampuli maabara kupima vinasaba kwenye mizizi iliyotafunwa, majibu yakaonyesha ni wanyama wagugunaji, kindi wa ardhini wa jangwa lile. Mwaka ule ulikuwa mkavu mno, kindi wakawa wanafukua mizizi kutafuta maji. Maelezo hayo yananitosha. Linalonisumbua ni kwamba kiangazi kimoja na kindi wenye kiu wanaweza kuondoa namna ile, na viangazi vikali kule vinazidi.

Nasikia na ng'ombe wamelaumiwa. Kila sehemu ng'ombe? – Mfugaji, Longido

Hahaha, pole ndugu yangu. Wamo kwenye orodha kweli, ila sio namba moja. Kule ng'ombe wanachungwa kwenye ardhi ya serikali na shida yao kubwa ni kukanyaga, ule udongo mkavu ukishavunjwa juu unachukua muda kupona. Wenzao ni pikipiki za matairi manne za watu wanaojiburudisha, barabara za utafiti wa madini, na gugu moja la kutoka Asia linaitwa halojeton ambalo linapenda ardhi iliyovurugwa na linaacha chumvi kwenye udongo. Kwa hiyo msururu ni mrefu, ng'ombe yuko huko nyuma nyuma.

Umesema hata sisi tunao mmea wa sehemu moja tu. Upi? Tunaweza kuuona bila kulipa hela nyingi? – Dada wa mapokezi hotelini, Arusha

Impatiens kilimanjari, dada. Msitu wa Kilimanjaro tu, hauko Meru, hauko kwingine kokote. Wapagazi wa njia ya Machame, Umbwe na Marangu wanaupita kila siku, ni ua dogo jekundu lenye njano, lina kipembe nyuma kilichojikunja, ukiliangalia kwa pembeni unaona kichwa cha tembo na mkonga wake. Linapenda kivuli na unyevunyevu, pembeni ya njia kwenye ule msitu wa chini kabla hujatoka kwenye miti mirefu, kwa hiyo huna haja ya kupanda mpaka juu. Kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania sio kama cha mgeni, mnajikusanya watu wanne watano kazini mnaenda Marangu asubuhi jioni mko nyumbani, mwambieni mwongoza wageni mapema kwamba mnataka kuona maua, maana wengine wamezoea kukimbiza watu.

Na lile ua la zambarau linalowekwa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima, nina hakika hata hapo mapokezi kwenu lipo moja, lenye majani ya manyoya, asili yake ni misitu ya huku kwetu, Usambara ikiwemo. Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya enzi zao, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892 na likatawanywa dunia nzima, lakini baadhi ya ndugu zake wa porini wako kwenye vipande vidogo sana vya msitu na miamba yenye kivuli, miti ikikatwa juu jua likaingia, basi. Kwenye vyungu ni mamilioni, porini wanahesabika. Ukienda Amani au Lushoto ulizia, watu wa kule wanajua miamba yenyewe iko wapi, ila picha ndo uchukue, mche uache.